Siku mbili Bogus Basin: uzoefu wangu kwa wana Kigoma wenye ndugu Boise

Hapa Mwanga si nyumba moja wala mbili zenye ndugu Boise, kule Idaho, Marekani. Wengi walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa huko, na wifi yangu ni mmoja wao. Nilipomtembelea mwezi wa pili nilijua nitashinda ndani karibu na hita mpaka siku ya kurudi. Badala yake alinipandisha mara mbili Bogus Basin, mlima ulio juu ya mji ambako watu huteleza kwenye theluji, na tangu nirudi kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza habari za theluji. Nayaandika yote hapa.

Boise iko kwenye kimo cha mita 820 hivi, karibu sawa na sisi, maana ziwa letu liko mita 773. Tofauti ni kwamba wakati wa baridi hewa nzito hutuama bondeni kama maji kwenye bakuli, hewa ya joto ikaifunika kwa juu, na ukungu ukakaa siku kadhaa bila jua. Asubuhi ile tuliondoka taa za gari zikiwaka. Barabara ya kupanda ni kama kilomita 26, kona tupu. Wenyeji husema ni 172. Kwenye kona mojawapo ukungu ukakatika ghafla, jua kali, mbingu ya buluu, na chini yetu bonde zima limejaa weupe uliotulia kama Tanganyika alfajiri isiyo na upepo. Nilimwomba wifi asimamishe gari nishuke nitazame. Kwa hilo peke yake safari ilikuwa imeshalipa.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba mlima huu hauna tajiri. Ulifunguliwa Desemba 1942, na unaendeshwa na chama cha watu wa pale kisichogawa faida. Kinachobaki baada ya gharama hurudi kwenye lifti za kupandisha watu mlimani na njia za kutelezea. Mwaka 1998 walishusha tiketi ya msimu mzima hadi dola 199, wakati wengine walikuwa wanapandisha bei, na watu wakajaa. Nilipokuwa pale niliona bibi na wajukuu, vijana wa shule, na akina mama kama wifi, anayesafisha vyumba vya hoteli siku sita kwa wiki. Hakuna aliyetuangalia kama tumepotea njia.

Sasa buti, na hapa nisikilizeni vizuri. Vifaa vya siku ya kwanza tulivikodi duka moja mjini, na mhudumu alinipa buti kubwa akisema niongeze soksi. Nilivaa jozi tatu. Mpaka saa sita vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kisigino kimechubuka, maana mguu ulikuwa unacheza ndani na skii, zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa kwenye buti, hazinisikii. Siku ya pili nilivaa soksi moja ndefu na buti lililokaza mpaka nikasita kulilipia, nikawa mtu mwingine kabisa. Buti la skii likikaa raha kama kandambili, ujue ni kubwa. Jinzi pia acheni nyumbani: zikilowa zinaganda mwilini.

Chukueni mwalimu siku ya kwanza, msifundishwe na ndugu. Wangu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole, asiye na haraka. Kuna mkanda unaokubeba taratibu hadi juu ya kilima kidogo, unasimama tu. Kushuka ndiyo kazi. Ukiogopa, mwili unavutika nyuma, na ukiegemea nyuma skii zinakimbia na wewe. Nilianguka mara nane, zote kwa kosa hilohilo. Yule mzee alichuchumaa mbele yangu, akanionyesha kwa viganja: ncha za mbele zikaribiane, za nyuma zitanuke, kama paa la nyumba, kisha nikunje magoti hadi mifupa ya miguu iguse ulimi wa buti. Hapo nikakumbuka mtumbwi. Wimbi likija husimami wima ukakaza miguu, unalegeza magoti unalifuata. Nikashuka mpaka chini bila kuanguka, wifi akapiga kigelegele kilichowageuza watu wote.

Wenye watoto wadogo, au wasiotaka skii kabisa, kuna mteremko wa kushuka ukiwa umekalia mpira wa hewa kama wa tairi. Chakula cha mlimani bei yake si ya kila siku. Tulikula maandazi na chai ya tangawizi ndani ya gari. Miwani ya jua ni lazima. Theluji inaurudisha mwanga usoni, na mimi mweusi hivi hivi niliungua pua.

Siku ya pili tulikaa mpaka usiku, maana njia kadhaa zina taa. Ukungu ulikuwa umeondoka. Nikiwa kwenye lifti ya viti, miguu inaning'inia, nikageuka nikaona taa za Boise zimetawanyika chini kwenye giza, sawasawa na karabai za wavuvi wa dagaa ukizitazama kutoka Kibirizi usiku usio na mwezi. Nilinyamaza mpaka tulipofika juu.

Binti wa jirani yangu anakwenda kwa kaka yake mwezi wa kumi na mbili. Glavu zangu nimeshampa, na soksi jozi moja.