Hela ya NIH au ya NRF, uombe ipi kwanza?

Wanaoanza utafiti wa afya hapa Kenya huuliza sana hili, basi niseme ninavyoona mimi. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, hela yake ni ndefu, R01 kwa mfano, yaani ruzuku yao ya mradi wa utafiti, inaweza kwenda hadi miaka 5, unaajiri watu wa maabara, unanunua friza ya sampuli, unaweka mafuta kwa gari la fildi bila kukopakopa. Ila makaratasi jamani! Ripoti kila mwaka, na chuo cha nje ya Marekani kinaongezewa 8% tu juu ya gharama za mradi wenyewe kwa ajili ya uendeshaji, yaani umeme, uhasibu, ofisi, hapo watu wa fedha wananuna kabisa. Halafu siasa za kule zinakufikia huku, Mei 2025 NIH walitangaza hawatoi tena ruzuku ambayo chuo cha Marekani kinamegea mwenzake wa nje hadi waweke mfumo mpya, na wengi hela yao ilikuwa inapitia huko huko.

NRF ya kwetu, yaani Mfuko wa Taifa wa Utafiti ulioanzishwa na sheria ya 2013, uzuri wake unachagua swali linalosumbua kaunti yako bila kubembeleza mtu wa ng'ambo. Sheria inasema mfuko upate 2% ya pato la taifa, lakini wapi!

Mi ningeanza na NRF, nikusanye data za awali kidogo, ndo niende NIH nikiwa na kitu mkononi, maana wale wanaopitia maombi wanapenda kuona data.