Masomo ya maji kwenye kompyuta: mazuri, ila lile la mtungi lina kasoro

Muhula mzima nimekuwa nikiitumia programu hii ya masomo ya maji na Gredi ya Nne hapa Nakuru. Jina silitaji, kwani wenyewe nimeshawaandikia na nawapa nafasi warekebishe. Ikishapakuliwa haili bando, jambo ambalo kwa shule ya umma si dogo. Kiswahili chake ni safi, ingawa anayesimulia ana haraka kama utingo wa matatu.

Somo la mzunguko wa maji ndilo bora. Mtoto analivuta jua kwa kipanya hadi juu ya beseni la maji ya chumvi. Maji yanapanda yakiwa mvuke, chumvi inabaki chini ikimetameta. Walilirudia mpaka kengele ikalia. Kwenye picha kila mto unaishia baharini, basi mmoja akauliza, "Mwalimu, na Mto Njoro je?" Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke, magadi yakabaki. Nikalirudia beseni lile lile, na darasa likalielewa ziwa letu kuliko nilivyowahi kulieleza kwa kitabu.

Sasa somo la maji salama. Unaletewa mtungi, uchague: kuchemsha, kutia dawa au kuchuja kwa kitambaa. Ukichemsha unapata nyota tatu na makofi: "Maji haya sasa ni salama!" Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, sina ubishi. Lakini huku Bonde la Ufa visima vingi vina floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na darasani kwangu wapo wenye meno ya kahawia. Msichana mmoja wa dawati la mbele akadakia: "Si chumvi ilibaki kwenye beseni? Sasa hii ya meno itaenda wapi?"

Haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inazidi kukolea kwenye yale yanayobaki. Programu inalifundisha jambo hilo yenyewe kwenye somo la beseni, kisha inalisahau kwenye mtungi! Ilibidi nimalizie kwa chaki njia za kuikwepa floraidi: maji ya mvua ya paani, na vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoinasa, ambavyo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imevishughulikia kwa miaka mingi.

Walimu wa Kisumu mnaotumia maji ya ziwa, chukueni tu. Adui yenu mkubwa ni vijidudu, na hapo imefanya kazi nzuri. Sisi wa Nakuru, Gilgil na Naivasha, somo la mtungi tusiwaachie watoto peke yao. Kwenye vishikwambi inamaliza chaji upesi, kwenye kompyuta za mezani haina neno.