Kutafuta asili ya wakwe zangu kwenye jumba lililoungua: uzoefu wangu

Ukoo wa mume wangu una hadithi moja ambayo huletwa mezani kila Krismasi pamoja na bata mzinga: "Sisi asili yetu ni Witley Court." Mimi mzaliwa wa Unguja. Mtu akiniambia asili yake ni jumba la wakubwa, masikio yananisimama, maana na kwetu kila mtaa una watu wanaoapa kwamba babu yao alikuwa mtu wa karibu wa Sultani.

Mama mkwe alipotimiza miaka 80 nikampa zawadi mbili: usajili wa mwaka mmoja kwenye tovuti ya kulipia ya kutafuta nasaba, na safari ya kwenda kuliona jumba lenyewe. Nazieleza zote mbili hapa, kwa sababu najua wengi wenu mko Uingereza, mmeoa au mmeolewa huku, na watoto wameanza kuuliza maswali ya upande wa pili.

Witley Court ipo Worcestershire. Karne ya 19 ilikuwa mali ya Earl wa Dudley, watu waliotajirika kwa makaa ya mawe na chuma. Mwaka 1920 jumba likauzwa kwa Sir Herbert Smith, tajiri wa viwanda vya mazulia wa Kidderminster. Septemba 7, 1937, moto ukaanzia chini kwenye chumba cha kuokea mikate, na upepo ukausukuma. Kulikuwa na pampu za kuvuta maji ya chemchemi kwa ajili ya janga kama hilo, ila zilikuwa hazijatunzwa muda mrefu, zikagoma. Mwenyewe hakujenga upya, akauza, na waliofuata wakalichuna jumba chochote cha kuuzika. Leo liko mikononi mwa English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale. Hakuna paa wala sakafu, ukuta tu na madirisha yanayotazama mbingu. Waliowahi kupita Maruhubi kule Unguja, kwenye nguzo za kasri la Sayyid Barghash lililoungua 1899, wataelewa nilivyojisikia, ila hili ni kubwa mno.

Nianze na tovuti. Sitaitaja jina. Kuingiza majina ni rahisi hata kwa mzee wa miaka 80, na jioni ya kwanza tu ikatuletea "vidokezo": mti wa ukoo uliochorwa na mtu tusiyemjua, ukimuunganisha bibi mzaa bibi yake mama mkwe na bwana mmoja wa jumba lile. Mama mkwe alifurahi hadi akampigia simu dada yake. Mimi nikaendelea kuupanda mti. Matawi mawili juu nikamkuta mama aliyemzaa mwanawe akiwa na miaka mitatu. Watu wananakiliana miti hii bila kusoma, na tovuti inakuhimiza unakili na wewe: bonyeza hapa, kubali, endelea.

Chenye thamani hasa ni picha za kurasa za sensa. Tulimtafuta bibi huyo kwa jina wiki nzima tukamkosa, kumbe aliyenakili orodha alikosea herufi moja ya jina la ukoo. Dawa yake ni hii: acha jina wazi, andika parokia tu, kisha soma ukurasa kwa ukurasa kama msomaji wa gazeti. Tukampata kwenye sensa ya usiku wa Aprili 5, 1891: dobi, umri miaka 19, amezaliwa Shropshire. Ukikuta wakubwa hawamo kwenye ukurasa, usishangae. Mara nyingi walikuwa London au safarini, na sensa inaandika aliyelala pale usiku ule. Na ukimtafuta saisi au mtunza bustani, funua mbele zaidi, kwa kuwa wengi walilala kwenye majengo ya zizi au vijumba vya pembeni, wakahesabiwa kaya nyingine.

Mjue pia kuna shimo. Sensa ya 1921 ya England na Wales ilifunguliwa Januari 2022, lakini ile ya 1931 iliungua yote mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Baada ya 1921 kinachofuata ni orodha ya wakazi ya Septemba 1939. Kwa majumba mengi hiyo ndiyo miaka yenyewe ya kuuzwa na kubomolewa. Kodi ya mirathi ilikuwa imeanza 1894 na ikazidi kupanda, mapato ya mashamba yalishashuka, vita vikaua warithi, na watumishi wakapata kazi viwandani na madukani. Jumba linaondoka na watu wake wanatawanyika palepale ambapo karatasi zinakatika.

Hati za vizazi hazihitaji usajili wa kulipia. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili unaisoma bure, inaanzia 1837 na ina jina la ukoo la mama. Nakala unailipia pauni chache. Tuliagiza ya mtoto wa kwanza wa yule dobi, aliyezaliwa 1893. Jina la mama lipo, kazi yake ipo. Penye jina la baba pamepigwa mstari tu.

Mama mkwe aliushika ule mstari kwa kidole muda mrefu. Hadithi ya Krismasi ilikuwa imejificha humo miaka yote. Lakini mstari hausemi ni bwana mkubwa. Huenda ni saisi, mwoka mikate, au kijana wa Shropshire aliyeahidi kurudi. Vidokezo ndivyo vilivyoamua kuujaza, na hapo ndipo nilipoikasirikia tovuti kuliko hata pale iliponikata zaidi ya pauni 100 za mwaka wa pili bila mimi kujua. (Zima malipo ya kujirudia siku ileile unayojisajili.) Wakataka kutuuzia na kipimo cha vinasaba, kile cha mate. Mama mkwe akakataa: "Alinyamaza yeye, mimi nimtemee mate?"

The Hive, jengo la kumbukumbu na maktaba kule Worcester, walitupokea vizuri na bila malipo. Mhudumu alinifundisha jambo ambalo ningepaswa kulijua: karatasi humfuata mwenye mali, hazifuati nyumba. Nyaraka za mashamba ya Earl wa Dudley ziko Dudley, sio huko Worcester. Kwa hiyo kabla hujapanda treni, jiulize jumba lilikuwa la nani mwaka unaoutafuta.

Pale Witley usiache kuingia kanisani, limesimama ubavuni mwa jumba na halikuungua. Dari ni nyeupe na dhahabu, na picha zake pamoja na vioo vya madirisha vilitoka Cannons, jumba jingine lililopotea, la Duke wa Chandos, lililobomolewa na kuuzwa vipandevipande mwaka 1747. Duke huyo aliwekeza fedha katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Nilikaa pale kitini nikitazama juu, Mwafrika peke yangu, nikijua ninachokitazama.

Mama mkwe hakupendezwa sana na chemchemi kubwa ya Perseus na Andromeda, ingawa maji yakiruka kila mtu anatoa simu. Alitaka kuona upande wa kazi. Akainama kwenye dirisha dogo la chini, akagusa jiwe, akasema lina baridi, na mikono ya dobi je.

Jumba nalipa nyota 5, vaeni viatu vya kutembea kwani kutoka maegesho kuna mwendo. Tovuti nyota 2, na hizo ni za picha za sensa. Nyumbani tumechora mti wetu kwa mkono kwenye karatasi ya manila, na pa baba wa mtoto wa 1893 mama mkwe amepiga mstari mwenyewe kwa rula. Usajili nimeshaufuta, lakini barua pepe za vidokezo bado zinaingia. Ya juzi ilikuwa na bwana yuleyule.