Dawa za meno za watoto Malindi: usilipie katuni, soma nyuma ya tyubu

Kwenye supamaketi za Malindi na kemisti za karibu na soko, rafu ya dawa za meno za watoto ndiyo inayong'aa kuliko zote. Katuni, kumeta, ladha ya stroberi na ya babogamu. Hapa tumezipima kwa aina, si kwa majina, kwa kuwa kampuni moja yaweza kutoa tyubu nzuri na nyingine hafifu, zote zikiwa na picha ile ile mbele. Tofauti yao imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo.

Tafuta floraidi, na kiasi chake. Bakteria walioko kwenye utando wa meno hula sukari wakatoa tindikali. pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuirudisha hali ilivyokuwa. Floraidi huyasaidia madini kurudi mahali pake na kuyafanya yavumilie tindikali zaidi. Ndiyo maana ubuyu wa getini mwa shule hauna mchezo: kila kete ina sukari iliyopakwa juu na uchachu wake wenyewe chini, na mtoto huinyonya polepole, nyingine ikifuata, tangu mapumziko hadi kengele ya kwenda nyumbani. Mate hayapati nafasi. Kipande cha halwa kilicholiwa mara moja na chakula kinaweza kuwa na sukari nyingi zaidi na kikadhuru kidogo.

Sasa tyubu zenyewe. Zile za watoto wachanga zilizoandikwa hazina floraidi, salama kumezwa, hazimfai mtoto wa shule. Kinachofanya kazi hapo ni mswaki tu. Zinazofuata ni zile za 500 ppm (sehemu 500 za floraidi kwa kila milioni ya dawa), na nyingi za katuni ziko kundi hili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 1000 hadi 1500 ppm. Chini ya 1000 faida ya kuzuia meno kuoza haijathibitika sawasawa. Kwa gramu, mara nyingi hizi ndizo ghali zaidi. Unalipia katuni.

Tyubu nyingine hazitaji ppm, hutaja asilimia ya kiungo chenye floraidi. Sodium fluoride 0.22% ni sawa na 1000 ppm, na 0.32% ni kama 1450. Sodium monofluorophosphate 0.76% ni 1000, na 1.1% ni kama 1450. Kama hakuna ppm wala asilimia, rudisha rafuni.

Iliyoshinda kwetu ni tyubu ya kawaida ya nyumba nzima, ya 1000 hadi 1450 ppm, ile ile ya baba na mama. Wazazi huiogopa kwa sababu ni kali na mtoto humeza. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni kupunguza kiasi, si kupunguza nguvu. Chini ya miaka 3, paka ukubwa wa punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, mbaazi moja, yaani robo gramu hivi. Mbaazi moja ya 1450 ppm ina floraidi miligramu 0.36. Mstari unaojaza mswaki mzima, kama kwenye matangazo, hufika gramu moja: tyubu hafifu ya 500 ikijazwa hivyo inabeba miligramu 0.5, yaani mtoto anameza zaidi na kukingwa kidogo. Ziada inayomezwa kila siku meno ya ukubwani yakiwa bado yanaumbika huweza kuacha madoa meupe. Ile kahawia iliyokolea kwa watu waliokulia sehemu za Bonde la Ufa ni ya maji ya visima, msiisingizie dawa ya meno.

Angalia tarehe na mahali tyubu ilipokaa. Zenye chokaa (calcium carbonate) pamoja na monofluorophosphate hupoteza floraidi inayoyeyuka kadiri zinavyozeeka, na joto huharakisha. Meza ya nje inayopigwa na jua la Malindi mchana kutwa si pa kununulia. Ukifungua na maji yakatangulia kutoka kabla ya dawa, imeshaachana.

Za mkaa hukwaruza na nyingi hazina floraidi kabisa. Za karafuu hutuliza maumivu, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jino hunyamaza huku shimo likiendelea.

Mswaki: kichwa kidogo cha sentimita 2 hivi, nywele laini. Ukizibonyeza kwa ncha ya kidole zilale bila kuchoma. Badilisha kila miezi 3, au mapema zikitawanyika. Mswaki wa mti unaouzwa misikitini ni mzuri kwa meno ya mbele, lakini mkono wa mtoto wa miaka 6 haufiki nao ndani ya magego. Autumie mchana, usiku apigwe mswaki wa dukani.

Usiku ndio muhimu, mate hupungua usingizini. Simama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chako, inua shavu kwa kidole, anza na magego ya nyuma. Dakika 2. Ateme asisukutue, maji huiondoa floraidi mliyoilipia. Baada ya hapo asipewe chai ya maziwa wala juisi ya ukwaju. Hadi miaka 7 au 8 mzazi ndiye apige, hata mtoto akidai anajua. Kagua nyuma kabisa: gego la miaka 6 huota bila jino lolote kung'oka, wazazi wakadhani ni la utoto. Hilo ni la maisha, na mifereji yake ndiyo huoza kwanza.

Kasoro ya tyubu ya nyumbani ni ladha. Mtoto akikataa mnanaa kabisa, zipo za watoto zenye 1000 ppm na zaidi. Hizo ndizo za katuni tunazoziidhinisha.

Ukiinua mdomo ukaona mstari mweupe usiong'aa kando ya ufizi, dawa hii bado inaweza kuurudisha. Likishakuwa shimo, hakuna tyubu inayoziba. Ni kwenda kliniki ya meno. Uliza kuhusu dawa ya fedha na floraidi (silver diamine fluoride), inayopakwa bila sindano wala mashine kusimamisha uozo. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi tii, kwa hiyo kama ni jino la mbele, amueni kwanza kabla haijapakwa.