Wiki nane na kocha wa biashara: uzoefu wangu, fundi cherehani wa Morogoro

Nilijiunga nikiwa nimeshaamua kukopa. Fomu ya kikundi ya shilingi milioni 3 nilikuwa nayo kwenye pochi, na mwenye fremu ya Kihonda tulishaelewana kodi. Nilichotaka ni mtu wa kunifundisha namna ya kuendesha maduka mawili kwa wakati mmoja. Kujitambua hakukuwa kwenye mawazo yangu kabisa. Neno lenyewe nililisikia miaka ya nyuma kwenye semina moja ya kiingilio cha shilingi 50,000. Tulipigishwa makofi tukaambiana kila mtu ni mshindi, na kesho yake nikafungua duka nikakuta madeni yaleyale. Kwa hiyo kocha huyu alipolitaja siku ya kwanza, moyo ulinishuka.

Nijieleze kidogo. Mwaka huu ni wa kumi na moja tangu nianze kushona. Nina fremu moja si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, vyerehani vitatu, ovaloki moja na mafundi wawili. Nilikuwa nashona sare za shule, nashona magauni ya vitenge, nauza vitenge vyenyewe, na mwisho wa wiki napamba kumbi za harusi. Mtu akiniuliza nafanya biashara gani, nilikuwa nayataja yote manne kwa pumzi moja, tena kwa fahari.

Gharama ilikuwa shilingi 240,000, unalipa kwa awamu mbili. Kwa pesa hiyo mnakutana kila Jumamosi mchana, sisi tulikuwa kumi na wawili kwenye ukumbi mdogo upande wa Msamvu, na kocha anakuja dukani kwako mara mbili. Jumatano anakupigia simu. Mambo ya ukumbini yalikuwa ya kawaida. Kilichonibadilisha ni kuja kwake dukani.

Alikuja wiki ya pili. Aliomba kigoda, akakaa pembeni ya meza ya kukatia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, daftari mapajani, kimya. Mimi nilikuwa nimetandaza kitambaa nakata sare. Akaingia mteja wa kitenge, nikaweka mkasi chini. Akaja mwingine na gauni la kupunguza kiuno, nikaweka mkasi chini. Mara simu ya watu wa harusi, mara jirani anaomba chenji, mara fundi wangu anauliza uzi. Saa saba kocha akanigeuzia ukurasa. Nilikuwa nimeweka mkasi chini mara 19. Waliokuja kuangalia vitenge walikuwa tisa, na aliyenunua ni mmoja. Hakunisema. Aliniuliza tu, "Dada, leo uliamka ukitaka kufanya kazi gani?" Nikamwambia, kukata sare. "Na umekata ngapi?" Nilikuwa nimekata nne.

Zoezi lililofuata ndilo lililonitoa machozi, na nalisema bila haya. Kwa siku 14, kila nikikubali jambo lolote linalohusu duka, iwe kazi, mkopo wa kitambaa au ombi la ndugu, niliandike na pembeni niweke herufi ya kilichonisukuma: P kwa pesa, H kwa huruma, A kwa aibu, W kwa woga. Mwisho nilikuwa nimekubali mambo 52. P zilikuwa 19, H zilikuwa 9, W zilikuwa 6, na A zilikuwa 18. Mara kumi na nane nimetoa mali au muda wangu kwa sababu niliona aibu kukataa! Nimempa mwanajumuiya mwenzangu kitenge kwa mkopo nikijua bado ana deni la Pasaka iliyopita. Nimepokea gauni la keshokutwa nikijua halitaisha. Miaka yote hiyo nilijua mimi ni mkarimu. Kumbe naogopa kuonekana mbaya, na duka ndilo lililokuwa linalipa gharama ya woga huo. Kama angeniambia mtu mwingine ningebisha, lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Baada ya hapo tukaingia kwenye hesabu, na hapa kocha anajua kazi yake. Gauni la kitenge natoza ushonaji shilingi 35,000. Nikitoa bitana, zipu na uzi inabaki 29,000, lakini ukihesabu kupima, kukata, kushona, kujaribisha na kurekebisha, linanila saa tisa. Jozi ya sare nauza 25,000: kitambaa 11,000, vifungo na zipu 1,500, fundi 5,000, umeme na pasi 500. Inabaki 7,000, pesa ndogo ukiitazama peke yake. Ila jozi kumi nazikata kwa mkupuo, na kwangu mimi kazi yote, pamoja na kukagua na kufunga, haifiki saa tano. Gauni linaniachia kama 3,200 kwa saa na sare 14,000. Magauni ndiyo niliyokuwa nayapiga picha na kuyatundika mbele.

Kwenye vitenge sikuhitaji hata kuhesabu sana. Mzigo wa milioni 1.1 ulikuwa umelala, na daftari la madeni lilisoma 640,000.

Safari za Kariakoo pia alizigusa. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Dar hadi Morogoro, Juni 2024, kwenda na kurudi siku moja kumekuwa rahisi mno, nauli ya daraja la kawaida 13,000. Urahisi huo ulinifanya niende karibu kila wiki kufuata vipande vya mita chache. Sasa naenda mara moja kwa mwezi, nanunua majora.

Kuhusu mkopo, hakunikataza. Tulizungumza hata ule wa halmashauri, wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambao hauna riba. Swali lake lilikuwa moja: duka la pili litafanya nini ambacho hili limeshindwa? Nilijaribu kujibu kwa siku tatu. Ile fomu nikairudisha, sikukopa.

Yapo yasiyonipendeza, na anayetaka kujiunga ayajue. Wiki ya tano nzima ilikwenda kwenye kuandika maono ya miaka kumi, na kwangu ilikuwa bure. Mwenzetu mama ntilie alikuwa anataka kujua kama mchele utamfikisha mwisho wa wiki, na hakupata jibu siku hiyo. Fomu za kujitathmini zilikuja kwa Kiingereza, ikabidi mwanangu anitafsirie usiku. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ulikuwa mrefu kupita kiasi. Na watu kumi na wawili ni wengi, nane wangetosha. Masuala ya makadirio ya kodi hayagusi kabisa, anakuelekeza uende TRA mwenyewe, na hapo naona alifanya vizuri kutojifanya anajua.

Tulimaliza Aprili. Vitenge nimeviuza kwa bei niliyonunulia, nikafunga. Kupamba nimemwachia mdogo wangu, vyombo vyote ni vyake sasa. Madeni nimekusanya 410,000, na ndugu wawili hawajanisalimia tangu nilipowadai, jambo linaloniuma hadi leo. Nimebaki na sare, na kwa miezi ambayo shule hazinunui nimeongeza majoho ya kwaya, maana ukataji wake ni uleule wa mkupuo. Najilipa 60,000 kila Jumamosi na siigusi droo katikati ya wiki. Julai shule zilipofungua, kwa mara ya kwanza sikuwa na mzazi aliyekuja kunifokea kwamba mtoto hana sare.

Kama unatafuta wa kukuonyesha soko au kukuandikia mchanganuo wa benki, huyu siye. Kama una kazi nyingi na hujui pesa inapotelea wapi, lipa. Muombe aanze kuja dukani wiki ya kwanza badala ya ya pili, na ufungue duka kama siku zote, usimpangie chochote. Siku ya kwanza ya ukumbini nenda na daftari lako la madeni, hata kama kurasa zimechanika.