Nakala za sarafu za dhahabu za Ulaya: dukati safi, florini imenikera

Niliagiza mtandaoni seti ya nakala tatu za sarafu za zama za kati: florini ya Florence, dukati ya Venice na noble ya Uingereza. Si dhahabu, ni madini ya kawaida yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na kila moja imegongwa neno COPY. Hapo nampongeza muuzaji, maana matapeli wa sarafu hawaishi. Mzigo ulifika salama.

Dukati ndiyo imenikosha. Upande mmoja Doge, mtawala wa Venice, amepiga magoti akipokea bendera kwa Mtakatifu Marko, na kando ya mlingoti herufi DVX (cheo cha Doge kwa Kilatini) zimeshuka moja chini ya nyingine, zote zinasomeka. Geuza: Yesu amesimama kati ya nyota, mkono umeinuliwa kubariki. Venice ilianza kuigonga mwaka 1284, na mchoro haukubadilika sana hadi jamhuri yao ilipoanguka mwaka 1797. Kilichobadilika zaidi ni jina la Doge. Ile halisi ilikuwa na gramu 3.5 hivi za dhahabu karibu tupu, ndiyo maana hata wafanyabiashara wa India waliipokea bila maswali.

Sasa florini. Hii ilianza mwaka 1252, ina Yohana Mbatizaji upande mmoja na yungiyungi upande wa pili. Yungiyungi la Florence lina stameni mbili (vile vijiti vya ndani ya ua) zinazochomoza katikati ya petali. Hapa hazipo! Wamechora lile ua kavu la wafalme wa Ufaransa. Kwa mpenzi wa historia, hiyo ni sawa na kuuziwa jezi ya Simba yenye nembo ya Yanga.

Noble nayo wameipunja. Ya kweli, iliyoanza mwaka 1344, ina upana unaozidi milimita 30, ila wao wameikata sawa na florini, kama milimita 20. Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza amesimama ndani ya jahazi na upanga wake, lakini uso umekuwa kidoti, na ngao, ambayo ilipaswa kuonyesha simba wa Uingereza pamoja na maua ya Ufaransa aliyokuwa akiidai, imebaki mikwaruzo tu.

Nyota tatu kati ya tano. Nilimuuliza muuzaji kama dukati inauzwa peke yake, akajibu ni seti nzima au basi.