Mbeleko ya kitambaa kinachovutika: kazi yake kwa mlezi wa watoto nyumbani

Mbeleko hii ya mita 5 ina faida moja kubwa kwa mlezi mwenye watoto kadhaa: kichanga anatulia kifuani huku mikono yako miwili ikimvisha mwenzake viatu. Ila mbeleko haiondoi njaa. Kwanza mlishe, mcheulishe, mbadilishe nepi. Akiwa na umri chini ya miezi 3 na joto limefika nyuzi 38, huyo ni wa daktari, si wa kubembelezwa.

Kaza kitambaa kabla ya kumweka mtoto. Hapo ndipo wengi hukosea: kikilegea, mtoto huzama, kidevu kikagusa kifua na pumzi ikabanwa. Magoti yawe juu kuliko makalio, uso uonekane muda wote. Kisha tembea polepole. Ukikaa mapema, kilio kinaanza upya.

Kasoro yake ni joto, maana kitambaa humzunguka tabaka kadhaa, mpunguzie nguo. Jikoni usiingie naye. Akisinzia, mtoe umlaze chali kwenye godoro gumu lisilo na mto. Mtoto akinenepa, kitambaa hulegea kila mara, na hapo kisichovutika ndicho bora.